Kosa Halikuwa la Fundi

Kwa miezi mingi nimewaambia watu kwamba fundi aliyefunga jiwe la kaunta jikoni kwetu Masama aliharibu kazi. Nimelisema nyumbani, nimelisema nje ya kanisa, nimelisema kwenye basi la kurudi Dar es Salaam kwa abiria ambaye hata hakuniuliza. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo niliweka hadi picha ya ufa, na chini yake nikaandika: mafundi wa siku hizi. Ufa upo kweli, na madoa niliyoyalalamikia yapo. Uongo wangu ulikuwa wa kuacha nusu ya habari, ile nusu inayonihusu mimi. Leo naileta.

Mimi ni mtoto wa kiume wa mwisho. Kwa mila ya Wachagga, wa mwisho ndiye hubaki na nyumba ya wazazi na kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba, kinachoizunguka, na hubaki pia na mama. Kubaki kwangu ni kwa jina tu. Kazi yangu iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwenye migomba ya baba, na mlimani napanda Desemba kama wenzangu. Aliyetoka Uchaggani hahitaji kuelezwa Desemba ni nini. Barabara ya kutoka Kwa Sadala kupanda Masama hujaa magari, mageti yaliyofungwa mwaka mzima hufunguliwa, na kila nyumba mpya hukaguliwa. Mgeni huzungushwa chumba kwa chumba, husifu, hunywa soda, kisha hupeleka ripoti nyumba inayofuata. Nyumba nyingi tunazojenga kwenye vihamba tunazijengea ukaguzi huo wa wiki mbili. Mama zetu ndio wanaoishi ndani yake wiki 50 zinazobaki.

Mwaka nilioamua kumjengea mama jiko la ndani, mimi niliufikiria ukaguzi. Jiko la zamani lilikuwa nje, la mbao na mabati, kuta zake zimekuwa nyeusi kwa moshi wa kuni. Kando ya mlango kulikuwa na jiwe la kusagia, jeusi, zito, lililobonyea katikati kwa miaka ya kusaga ulezi wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Bibi alilitumia, mama akalitumia. Halikuwahi kupata doa ambalo mtu angeliona, wala hakuna aliyewahi kulipaka dawa yoyote. Nilipita mbele ya jiwe lile kila siku ya utoto wangu, na nilipofika wakati wa kuchagua jiwe la jikoni sikulikumbuka hata kidogo.

Nilichokuwa nacho kichwani ni picha niliyoiona kwenye simu: jiko jeupe pe, kaunta ya marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu, bakuli la ndimu limewekwa juu yake kwa urembo. Nasema marumaru ya jiwe lenyewe, si vigae. Nikasoma kwamba marumaru ya namna hiyo hutoka Carrara nchini Italia, na kwamba sanamu ya Daudi ya Michelangelo ilichongwa kwa jiwe la milima hiyohiyo. Hilo lilinitosha. Nilijiona nikiwaambia wageni, huku nimeegemea sinki, kwamba jiwe hili ni ndugu wa Daudi. Katika hadithi hiyo niliyojitungia hapakuwa na mtu yeyote anayepika.

Mama aliniuliza swali moja tu nilipomwonyesha picha. Aliitazama, akaisogeza simu mbali na macho yake, akasema, "Baba, hapa ndizi nitamenyea wapi?" Nikamjibu, "Popote mama, si unaona lilivyo kubwa?" Akanyamaza. Nilidhani ameridhika. Sikuelewa kwamba alikuwa ameniuliza swali ambalo lingeniokolea fedha nyingi kama ningelijibu.

Fundi niliyempata ni mtu mzima wa hukohuko kwetu, umri wa baba yangu mdogo, aliyeanza na kujenga misingi kwa mawe ya mlimani kabla ya kuingia kwenye vigae na graniti. Alikuja na futi kamba, pima maji na kandambili zenye tope. Akazunguka jikoni, akapima pembe za kuta kwa njia ya 3, 4, 5 waliyoizoea mafundi: futi 3 upande huu, 4 upande ule, na mshazari ukitoka 5 kamili basi kona iko sawa. Haukutoka 5. Akaniambia, "Bosi, ukuta huu umekimbia. Tufunge kwanza makabati, tuyasawazishe, halafu nitandike maboksi juu yake nichore umbo lenyewe. Jiwe likatwe kwa kufuata umbo hilo, si kwa kufuata ramani."

Nikamwambia hakuna muda. Ilikuwa Novemba, vuli imeanza kunyesha, na nilitaka jiwe liwe limekaa kabla ya Krismasi. Nilikuwa tayari nimepeleka vipimo vya ramani Dar es Salaam, mahali nilikolipia jiwe, na walikuwa wanakata.

Akaniuliza jiwe gani. Nikamwonyesha picha. Alikaa kimya, kisha akasema kwa upole, "Hili ni jiwe la sebuleni. Kwa jiko la ndizi chukua graniti nyeusi." Nikacheka. Niliamini anasema hivyo kwa kuwa graniti nyeusi ndiyo aliyoizoea. Mwishoni akagusa pale kwenye picha palipo na sinki, lenye kona nne kali, akasema kona za tundu la sinki lazima ziwe za mviringo kwa sababu jiwe huanza kupasuka pembeni. Nikamwambia picha inaonyesha kona kali, na mimi nataka kama picha.

Haya yote aliniambia kabla hata shilingi ya jiwe la pili haijahitajika. Aliniambia mchana, tukiwa tumesimama, mbele ya mama. Hakuna aliyenificha kitu.

Mtu aliyesoma vizuri, anayeongoza watu ofisini, anaweza kupewa ushauri sahihi na asiusikie kwa sababu ya kandambili za anayeutoa. Najua ndivyo ilivyokuwa, maana maneno yaleyale, nilipoyasikia baadaye kwa mtu mwingine aliyevaa shati la kampuni, niliyaandika kwenye daftari.

Jiwe lilipanda kutoka Dar es Salaam kwenye lori, limesimamishwa kwenye fremu ya mbao. Kipande kirefu kilikuwa na urefu wa mita 2.4, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 2. Marumaru ina uzito wa tani 2.7 hivi kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo kipande hicho peke yake kilikaribia kilo 80. Lori halikuweza kufika mlangoni kwa utelezi, vijana wakakibeba kutoka barabarani, kati ya migomba, mvua ikiwanyeshea. Fundi alitembea mbele yao akirudi kinyumenyume, akipiga kelele wakibebe wima. Jiwe jembamba likibebwa kwa ubapa huvunjwa na uzito wake wenyewe.

Lilipolazwa juu ya makabati, nyuma yake kukabaki pengo: upande mmoja hakipiti kidole, upande wa pili unaingia mkono. Ukuta ulikuwa umekimbia kama alivyosema. Akalazimika kulipunguza upande mmoja na kuliziba upande wa pili kwa simenti nyeupe. Kisha akataka kutoboa tundu la sinki nje, kwa grinda yenye diski ya almasi, huku kijana wake akimwaga maji taratibu. Nikamkatalia. Jiwe limekwisha kuingia, kulitoa ni kupoteza saa nyingine, na maji ndani yataharibu makabati ya MDF. "Kata kavu," nikasema. Akakata kavu. Kijana wake alishikilia jiwe akiwa amejifunga fulana puani, na jikoni pakajaa ukungu mweupe hata nisiwaone. Mimi nilikuwa nimesimama nje, barazani.

Vumbi hilo nalo ni langu. Marumaru safi ina silika kidogo, na hilo ni bahati yangu, si busara yangu. Lau ningekuwa nimenunua graniti, ambayo robo yake au zaidi yaweza kuwa kwazi, ningetoa amri ileile. Vumbi la silika likiingia mapafuni halitoki. Sisi watu wa mlima huu hatuna udhuru wa kutolijua hilo. Hospitali ya Kibong'oto, pale Siha, jirani zetu, inajulikana nchi nzima kwa kutibu kifua kikuu, na miongoni mwa wanaohudumiwa huko ni wachimbaji wa Mererani ambao vifua vyao viliharibiwa na vumbi la mwamba. Australia ilipiga marufuku mawe ya kutengenezwa kiwandani kwa unga wa kwazi na gundi kuanzia tarehe 1 Julai 2024, kwa sababu vijana wanaokata kaunta za jikoni walikuwa wanaugua silikosisi. Hatari ya kazi hiyo hupunguzwa kwa ndoo ya maji na barakoa ya maana. Mimi niliwanyima maji ili niwahi wageni.

Wageni waliwahi kweli. Walisifu. Niliegemea sinki nikasema habari za Daudi.

Siku ya mkesha wa Krismasi dada zangu na shangazi waliingia jikoni. Kwetu sikukuu haianzi mpaka ndizi za mshare zimemenywa. Kuna ndizi za machalari, kuna za mtori, na zinamenywa nyingi kwa sababu nyumba imejaa. Wanawake walijipaka mafuta mikononi kama ilivyo desturi, ili utomvu usigande kwenye vidole, wakajipanga kwenye kaunta mpya wakimenya na kupiga soga. Mwingine akakata ndimu za kupaka kwenye nyama. Mwingine akakatakata nyanya za kachumbari palepale juu ya jiwe, maana lilikuwa pana na safi. Vijana waliingia na kutoka, wakaacha glasi za mbege zimeloa chini. Palikuwa na furaha, na kila mtu aliniambia jiko ni zuri.

Asubuhi yake kaunta ilikuwa na ramani. Palipomenyewa ndizi palikuwa na michirizi ya kahawia iliyokoza. Palipokatwa ndimu, mng'ao ulikuwa umekwisha, jiwe limekuwa butu kana kwamba limesuguliwa kwa msasa. Glasi za mbege ziliacha duara, moja juu ya nyingine. Nilichukua klorini na waya wa kusugulia sufuria nikasugua mwenyewe kwa hasira, na nilichofanikiwa ni kuongeza mikwaruzo.

Ufa ulikuja jioni yake. Dada aliteremsha sufuria kubwa ya machalari akaituliza mbele ya sinki, kwenye ule ukanda mwembamba wa jiwe uliobaki kati ya tundu na ukingo wa kaunta. Ulisikika mlio mdogo. Ufa ulitoka kwenye kona kali ya tundu, ile kona niliyoitaka kama picha, ukaenda moja kwa moja hadi ukingoni.

Hapo ndipo kosa la kuchagua jiwe lilipogeuka kuwa dhambi. Fundi alikuwa ananidai malipo ya mwisho, karibu theluthi ya ujira wake. Tulikuwa tumekubaliana atayafuata baada ya sikukuu. Alipokuja nilimpokea mlangoni, sikumkaribisha ndani, wala sikumwamkia. Mtu wa umri wa baba mdogo nilimpita bila shikamoo nikamwonyesha ufa kwa kidole, nikamwambia, mbele ya shemeji zangu, kwamba kazi yake haina thamani na sitamlipa. Hakubishana. Aliinama akautazama ufa ulikoanzia, akapitisha kidole kwenye ile kona, akaniangalia. Kisha akasema, "Haya bosi," akaondoka.

Alikuwa na mashahidi ndani ya nyumba. Mama alikuwepo siku aliponionya. Mama aliniambia usiku ule, "Yule mzee alikuambia." Nikamwambia mama hajui mambo ya ujenzi.

Jumapili iliyofuata tulikuwa kanisani, sisi Walutheri wa Masama, usharika umejaa watu wa Dar es Salaam na Arusha. Ibada yetu ina maungamo ya pamoja mwanzoni. Nilisimama na wenzangu nikaungama kwa sauti. Maungamo ya pamoja hayana shida, kwa sababu hayataji sinki. Baada ya ibada ukafuata mnada wa sadaka nje: mayai, mahindi, jogoo, na mkungu mmoja wa mshare ulionenepa vizuri. Niliushindania mkungu ule. Kila mtu akipandisha, nami napandisha, mpaka nikafika bei ambayo hakuna mkungu duniani unaoistahili, na watu wakapiga makofi kwa furaha. Nilipogeuka kuitikia makofi, nilimwona fundi amesimama karibu na ukuta, naye anapiga makofi. Nilichotoa pale kwa mkungu mmoja kilikuwa sehemu kubwa ya deni lake. Watoto wakaubeba mkungu nyumbani, nami nikaondoka Masama kabla haujamenywa.

Niliporudi Dar es Salaam nikaendelea kulalamika. Nilikwenda na kipande kilichobaki kwenye yadi moja ya mawe, nikitaka kuthibitisha kwamba kazi ilikuwa mbovu. Kijana wa pale, mwenye shati la kampuni, hakubishana nami. "Mangi, subiri," akasema. Akatoa ndimu, akaikata, akakamulia matone juu ya marumaru yangu na matone mengine juu ya kipande cheusi kilichokuwa karibu. Juu ya marumaru palitoka vipovu vidogo. Juu ya kile cheusi hapakutokea kitu. Akakifuta kwa kitambaa, kikang'aa kama mwanzo.

Akaanza kunieleza, nami, kama nilivyosema, nikaandika. Marumaru ni kabonati ya kalisi, mwamba wa chokaa uliobadilishwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi. Asidi yoyote huila: ndimu, nyanya, ukwaju, siki, mtindi, hata mbege. Pale palipokuwa butu hapakuwa na uchafu wa kuondolewa kwa sabuni. Jiwe lenyewe lilikuwa limepungua. Dawa ya kuziba vinyweleo, wanayoiita sila, huchelewesha mafuta na rangi kuingia, ila asidi haizuii hata kidogo. Tena marumaru ni laini: katika kipimo cha ugumu wa madini kinachoanzia 1 hadi 10, iko kwenye 3, wakati kisu cha jikoni kiko juu ya 5 na kwazi iliyomo kwenye graniti iko 7. Kisu kinaikwaruza marumaru. Kwenye graniti, kisu ndicho huwa butu.

Habari ya utomvu sikuhitaji kuelezwa na mtu. Utomvu wa ndizi hutoka hauna rangi, ukikutana na hewa hugeuka kahawia, na ukiingia kwenye kitu chenye vinyweleo haurudi. Mtoto yeyote wa Masama aliyewahi kuchapwa kwa kuharibu shati la shule migombani anaijua kemia hiyo. Mimi nilichapwa. Kisha nikakua nikanunua jiwe jeupe lenye vinyweleo nikaliweka mahali pa kumenyea ndizi.

Nikamuuliza kuhusu ufa. Akauliza tundu la sinki lilikatwaje. Nilipomwambia kona kali, akatikisa kichwa. Mzigo wowote ukiwekwa juu ya jiwe hukusanyika penye kona kali, na ufa huanzia hapo. Kona ya mviringo huusambaza. Ule ukanda wa mbele ya sinki ndio sehemu dhaifu kuliko zote, na unataka kuungwa mkono kwa chini. Akauliza kama makabati yalisawazishwa kabla ya jiwe kukatwa. Nikasema hapana. "Fundi hakukuambia?" Sikumjibu.

Ningeweza kumtumia fundi fedha siku hiyohiyo kwa simu. Sikufanya hivyo, na sababu niliyojipa ni kwamba jambo kama hili linataka ana kwa ana. Kweli ilikuwa kwamba nilimwonea aibu, nikatumia adabu kama kisingizio cha kuchelewa. Yeye aliendelea kusubiri haki yake mpaka Pasaka.

Nilipopanda Masama kwa Pasaka, masika yamekolea, niliingia jikoni nikakuta kaunta imefunikwa. Mama alikuwa ametandika juu ya marumaru yote kitambaa cha plastiki cha meza, chenye maua mekundu, amekikata vizuri kuzunguka sinki. Na alikuwa hapiki humo. Alikuwa amerudi jiko la nje, anamenyea ndizi kwenye beseni akiwa amekaa kwenye kigoda, ili asiliharibu jiwe la mtoto. Nilikuwa nimemjengea jiko, akalitunza kwa kuhama.

Nilikwenda kwa fundi. Safari hii nilimwamkia. Nilimpa fedha yote niliyomzuilia, nikaongeza, nikamwambia nimekosa, nikaanza kueleza habari za kabonati ya kalisi. Alinikatiza. Alihesabu kiasi tulichokubaliana, ile nyongeza akairudisha. Akasema, "Hela nimepokea, mwanangu. Sasa na wale uliowaambia, waambie."

Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza bila hasira kwamba baada ya Krismasi watu wawili waliokuwa wamempa kazi ya kaunta walighairi. Mmoja alimwonyesha picha ya ufa kwenye simu. Ilikuwa picha yangu, na maneno yangu yakiwa chini yake. Deni la fedha lilikuwa dogo kuliko hilo, na nilikuwa nimelipa dogo nikitarajia kusamehewa kubwa.

Basi nawaambia. Kipimo kilichokosewa ni changu, kwa kuwa niliagiza jiwe kabla ya makabati kufungwa. Kona kali ni yangu, niliilazimisha kwa sababu ya picha. Jiwe ni langu, nililichagua kinyume cha ushauri wake, na kinyume cha swali la mama ambalo lilikuwa ushauri uleule kwa adabu zaidi. Vumbi alilovuta yeye na kijana wake ni langu. Alichofanya yeye ni kufunga kwa mkono mzuri kitu kibaya alichoamriwa. Jina lake silitaji kwa kuwa hakuniruhusu. Wa Masama wanamjua, na walioghairi wanajijua.

Jikoni sasa kuna jiwe jeusi, nene sentimita 3, na amelifunga yeye. Ilinibidi nimwombe, na alikubali kwa masharti: makabati kwanza, kisha maboksi ya kuchorea umbo, kisha jiwe, kukata ni nje na kwa maji, fedha nusu mwanzo, nusu siku ya kumaliza, siyo baada ya sikukuu. Fedha iliyopotea kwenye marumaru ingenunua ng'ombe mzuri wa maziwa. Kipande kilichosalimika nimekifanya meza ya sebuleni, mahali alikosema fundi tangu mwanzo kwamba ndiko kwake. Mawe mengi meusi yanayouzwa kwa jina la graniti, wajuzi wa miamba huyahesabu katika ukoo wa gabro na dolerito, ambao ni ndugu wa basalti, na basalti ni miongoni mwa lava zilizoujenga mlima tunaoukalia. Kwa maneno mengine, nimezunguka hadi Italia nikarudi kwenye jamaa ya jiwe la bibi la kusagia ulezi. Mama anamenyea ndizi juu yake na anakamulia ndimu. Kitambaa cha maua kimerudi mezani.

Kwa anayejenga sasa akiwa mbali, akiikimbiza Desemba, neno langu ni hili. Usinunue jiwe kabla hujaomba kipande chake. Kipeleke nyumbani, mpe yule atakayepika, si yule atakayesifu. Akimenyee ndizi mbichi, akikamulie ndimu, akimwagie mafuta ya kupikia na binzari, akiache kilale mpaka asubuhi, kisha akioshe. Akikwambia ni sawa, lipa. Fundi akikwambia kona iwe ya mviringo, iwe ya mviringo. Na ukitaka namba ya fundi wangu nitakupa, nikishamwomba ruhusa. Ila ukimwita, uwe umeshafunga makabati, umeweka pipa la maji nje, na fedha yake ya mwisho unayo mfukoni.